Mtoto Ameumwa na Mbwa: Robo Saa ya Kwanza na Wiki Zinazofuata

Tuseme ni saa kumi na moja jioni, Ruziba, mjini Bujumbura. Mtoto wa miaka saba alitumwa dukani, kando ya barabara ya Rumonge, na sasa anarudi analia, kashika mguu. Mbwa kamuuma kwenye shavu la mguu. Damu si nyingi. Ukitazama vizuri unaona vitundu viwili tu, na jirani mwenye mbwa anakuapia kwamba mbwa wake ni mzima. Uanzie wapi?

Anza na maji na sabuni. Usianze na simu, wala kwenda kugombana na mwenye mbwa, wala kutafuta gari. Mweke mtoto mahali penye kivuli, mtu mmoja amshike na kumbembeleza, mwingine amimine maji juu ya jeraha na kuosha kwa sabuni kwa dakika 15 kamili. Bomba la maji la Regideso likiwa limekauka siku hiyo, bidoni moja ya lita 20 inatosha ukimimina kwa kikombe, kidogo kidogo. Sabuni yoyote inafaa, hata ile ya kipande ya kufulia. Maji yawe safi, ya aina mnayokunywa nyumbani, lakini usipoteze nusu saa ukiyatafuta yaliyo bora zaidi. Fungua vitundu kwa vidole taratibu ili maji yaingie ndani. Usisugue kwa brashi wala kwa kitambaa kigumu. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani mtoto anapolia, kwa hiyo tazama saa.

Kazi ya sabuni hapo ni kubwa. Virusi vya kichaa cha mbwa, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vina ganda lenye mafuta. Sabuni huliyeyusha ganda hilo, na virusi hufa kabla havijaingia kwenye mishipa. Ukimaliza kuosha, suuza sabuni yote itoke, kisha paka ile dawa ya kahawia ya vidonda, povidoni, ambayo wengi huiita Betadine. Kama mate ya mbwa yameingia machoni au mdomoni, tumia maji peke yake, mengi, bila sabuni wala dawa.

Damu ikitoka kidogo wakati wa kuosha, iache. Inasaidia kutoa uchafu. Ikiwa inabubujika, kandamiza kwanza kwa kitambaa safi, mkono usiondoke kwa dakika kumi hivi, uoshe baadaye. Usifunge kamba juu ya jeraha kana kwamba ni nyoka. Baada ya kuosha, funika kwa kitambaa safi kisichobana.

Kuna vitu ambavyo jirani mwema atakuletea akikimbia: majivu, chumvi, pilipili, petroli, maji ya betri, majani yaliyotafunwa, manyoya ya mbwa yule yule yaliyochomwa. Na katika eneo letu la Maziwa Makuu kuna lile jiwe jeusi ambalo wengi hulibandika mtu akiumwa na nyoka. Mshukuru jirani, uviweke pembeni. Jiwe haliwezi kufyonza virusi, na pilipili na petroli huunguza nyama na kufungua njia zaidi. Mganga wa kienyeji naye sina ugomvi naye, na wapo wanaosaidia watu kwa mengi, lakini hili halimo katika uwezo wake, na aliye mwaminifu atakuambia hivyo.

Sasa utaniuliza: vitundu viwili tu, kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu kinachotisha katika kuumwa na mbwa si ukubwa wa kidonda. Kichaa cha mbwa, ambacho kwa Kirundi huitwa ibisazi vy'imbwa, hupita katika mate. Virusi huingia kwenye nyama, hushika mshipa wa fahamu, halafu hupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja tu, au ikafika mwaka. Muda wote huo mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule, na kidonda kimeshapona. Dalili zikianza, iwe ni homa, kuwashwa au ganzi mahali alipoumwa, kuogopa maji, kushtuka kwa upepo, au miguu kulegea, karibu hakuna anayepona, hata katika hospitali kubwa za Ulaya. Lakini chanjo ikitolewa kabla ya hapo huziba njia. Mtu wa kwanza kuokolewa hivyo alikuwa mtoto: Joseph Meister wa miaka tisa, kutoka Alsace, wakati huo chini ya Ujerumani, aliyechanjwa chini ya uangalizi wa Louis Pasteur mwezi Julai 1885.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto wako karibu na mbwa kwa kimo na kwa michezo. Mdogo wa miaka mitatu, uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, ndiyo maana wadogo huumwa usoni, kichwani na shingoni. Huko njia ya kwenda ubongoni ni fupi, na muda wa kujiokoa ni mfupi pia.

Basi mtoto ameoshwa. Umpeleke wapi? Kituo cha afya kilicho karibu ndipo pa kuanzia. Hapo muuguzi ataangalia jeraha, ataosha tena, ataangalia kadi ya chanjo za mtoto, na kukuandikia karatasi ya kukupeleka mbele kama hawana chanjo ya kichaa cha mbwa. Vituo vingi vidogo haviweki chanjo hiyo, kwa hiyo jiandae kwenda mjini. Hospitali kubwa za serikali Bujumbura ni Prince Régent Charles, katikati ya mji, na ile ya chuo kikuu huko Kamenge, upande wa kaskazini. Kutoka Ruziba ni safari ya kuvuka mji, na siku za uhaba wa mafuta unaweza kusimama saa nzima kwenye kituo ukingoja basi. Kwa hiyo kabla ya kutoka, muuguzi au ndugu anayefanya kazi mjini apige simu na kuuliza maswali mawili: je, chanjo ya kichaa cha mbwa ipo leo? Je, serumu yake ipo? Jibu hilo litakuepusha na kumzungusha mtoto mji mzima.

Usipite kituo kidogo, nenda moja kwa moja hospitali, ikiwa ameumwa usoni, kichwani, shingoni, mkononi au sehemu za siri. Ikiwa nyama imechanika au jeraha ni refu. Ikiwa damu haikomi. Au ikiwa ni mtoto mchanga. Vitundu viwili vya mguuni vilivyooshwa vizuri saa moja usiku, gari hakuna na njia si salama, vinaweza kungoja alfajiri. Alfajiri, lakini, si Jumatatu ijayo. Na kama ulichelewa, wiki imepita, au hata mwezi, nenda tu. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo haijachelewa, na hakuna muuguzi anayestahili kukufukuza kwa sababu ya tarehe.

Hospitalini daktari atapima uzito wa tukio kwa ngazi tatu, na ni vizuri uzijue ili uelewe anachokuambia. Mtoto aliyemgusa mbwa au kulambwa kwenye ngozi nzima hahitaji chanjo; anawe tu. Aliyekwaruzwa bila damu kutoka, au kung'atwa juujuu ngozi ikiwa wazi, anahitaji chanjo. Ambaye meno yamepenya ngozi, au mikwaruzo imetoa damu, au mate yameingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, anahitaji chanjo pamoja na serumu. Mtoto wetu wa vitundu viwili yumo katika ngazi hii ya tatu. Wazazi wengi hawalitarajii hilo.

Chanjo na serumu ni vitu viwili tofauti. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga yake wenyewe, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Serumu ni kinga iliyo tayari, iliyotengenezwa kutokana na damu ya watu au ya farasi waliochanjwa, na huchomwa ndani na pembeni ya jeraha lenyewe ili kuvizuia virusi hapo hapo wakati mwili unajiandaa. Hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 15 hupata yuniti 300 za ile ya binadamu, au 600 za ile ya farasi. Inauma, sitakuficha, hasa kwenye kidole. Inafaa ndani ya siku saba tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo haina kazi tena, kwa sababu mwili umeshaanza kujitengenezea kinga. Serumu ni adimu na ni ghali katika nchi nyingi za Afrika. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa wala usirudi nyumbani bila chanjo: kuosha vizuri na kumaliza sindano zote kwa tarehe zake humkinga mtoto kwa kiwango kikubwa sana.

Je, zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee husimulia? Zilikuwa za chanjo za zamani. Za sasa ni chache na huchomwa begani, au pajani kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Hazichomwi matakoni, kwa kuwa huko hazifanyi kazi vizuri. Ukiona muuguzi anaelekea huko, muulize kwa adabu. Kipimo cha mtoto ni kile kile cha mtu mzima, na hata mtoto mchanga na mama mjamzito huchanjwa.

Ratiba zinazotumika zaidi ni za namna mbili. Siku ya sindano ya kwanza huhesabiwa kuwa siku ya sifuri. Katika namna ya kuchoma kwenye msuli, mtoto hurudi siku ya 3, ya 7, na mara ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Akianza Jumatatu, anarudi Alhamisi, kisha Jumatatu inayofuata, kisha Jumatatu ya baada yake. Katika namna ya pili, chanjo kidogo huchomwa ndani ya ngozi, mabega yote mawili, siku ya sifuri, ya 3 na ya 7, na mambo yanaishia hapo. Hii ya pili hula chanjo kidogo zaidi, na chupa moja huweza kugawanywa kwa watu kadhaa ikitumika siku ile ile iliyofunguliwa. Kwa hiyo ukisikia mbwa huyo huyo kamuuma mtoto wa jirani, nendeni pamoja. Ukikosa tarehe moja, usianze upya na usiache: nenda kesho yake, ratiba iendelee.

Kuna mambo mengine ambayo daktari atayashughulikia siku hiyo hiyo. La kwanza ni pepopunda, ugonjwa wa kukakamaa mwili unaoingia kupitia vidonda vichafu. Mtoto aliyepata chanjo zake zote za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ana msingi wa kinga hiyo, lakini anaweza kuhitaji ya kuongezea. Ndiyo maana ile kadi ya chanjo isiachwe nyumbani. La pili ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu mdomo wa mbwa umejaa bakteria na meno yake huwasukuma ndani kabisa. Vidonda vya mkono, vya uso na vile vyembamba vinavyoingia ndani sana huhitaji dawa hiyo kwa siku tatu hadi tano, na mara nyingi ni amoksisilini iliyochanganywa na klavulaniki. Usimnunulie vidonge viwili vitatu vya kubahatisha famasi. La tatu ni kushona. Usishangae daktari akiacha jeraha wazi: kulishona mara moja hufungia uchafu ndani. Jeraha la uso linaweza kushonwa ili lisiache kovu baya, lakini baada ya kuoshwa sana na kuchomwa serumu.

Gharama ndiyo inayowarudisha watu njiani, kwa hiyo tuizungumze wazi. Kwa wastani wa dunia, tiba kamili ya kumkinga aliyeumwa hukadiriwa kufika dola 108 za Marekani, pesa ambazo nyumba nyingi hazina kwa mara moja. Lakini hutozwi zote siku ya kwanza. Uliza dirishani bei ya kila sindano, si jumla tu, ujue leo unatoa kiasi gani na Alhamisi kiasi gani. Ongeza bomba za sindano, bendeji, na nauli ya mtoto na mzazi mara tatu au nne. Mtoto wa chini ya miaka mitano, tangu Mei 2006 Burundi hutoa matibabu bure kwa umri wake katika vituo vya serikali; chukua karatasi ya kuzaliwa, na kabla ya kulipa chochote uliza ni kipi kinaingia humo na kipi utaambiwa ununue nje. Mwenye kadi ya CAM, ile kadi ya msaada wa matibabu ya komine, au mwenye Mutuelle ya wafanyakazi wa serikali, aitoe mwanzoni. Ukishalipa, kurudishiwa ni kazi nyingine. Pesa zikiwa haba kabisa, lipia sindano ya kwanza leo, na familia itafute za siku ya 3. Kungoja mpaka zitimie zote ndiko kunakoua.

Ukitumwa kununua chanjo famasi, angalia kwamba inatoka kwenye friji na tarehe haijapita. Chanjo hii hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, lakini isigusane na barafu moja kwa moja isije ikaganda. Chanjo iliyokaa mfukoni kwenye jua la Bujumbura ni maji tu yenye bei.

Na mbwa je? Hasira ya kwanza ni kumpiga mawe mpaka afe. Jizuie, ukiweza. Mbwa aliye hai ana habari unayoihitaji. Kama ana mwenyewe na anaweza kufungwa salama, afungwe siku kumi, alishwe, aangaliwe na daktari wa mifugo. Mbwa mwenye virusi kwenye mate yake siku aliyouma huugua na kufa ndani ya muda huo. Akifika siku ya kumi yu mzima, daktari wa mtoto anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini chanjo ianze kwanza. Hatungoji siku kumi ndipo tuanze. Mbwa akitoroka, akifa, au akiwa hajulikani, mtoto amalize sindano zote. Kama ameshauawa, asipondwe kichwa, kwa sababu kipimo cha maabara hufanywa kwenye ubongo, na msimguse kwa mikono mitupu. Mbwa aliyechanjwa hupunguza wasiwasi, na mwenyewe akuonyeshe kadi yake, lakini neno la mdomo lisikuzuie kwenda hospitali. Watoto wa mbwa nao wanaweza kuambukiza, hata wale wadogo wanaopendeza.

Mambo ya nani alipe yapelekwe kwa nyumbakumi au mkuu wa kartie, yaandikwe: siku, mahali, mbwa wa nani, alifungwa au la. Ni haki mwenye mbwa asaidie gharama. Ila mazungumzo hayo yafanyike huku mtoto ameshachomwa sindano. Nimeona baraza likikaa siku mbili kubishana juu ya mbwa, na mtoto yuko kando, hajaoshwa hata kidonda.

Siku zinazofuata, angalia jeraha asubuhi na jioni. Likivimba, likiwa jekundu na la moto, likitoa usaha, au mtoto akipata homa au akashindwa kukunja vidole, rudi siku hiyo hiyo. Mara nyingi dalili hizo hujitokeza katika siku mbili za kwanza. Angalia pia usingizi wake. Mtoto aliyeumwa huota mbwa, hukojoa kitandani, hukataa kupita njia ile. Msindikize siku kadhaa, usimcheke. Wala usimchape kwa kuwa alimchokoza mbwa. Mtoto anayejua atachapwa huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa hakioshwi. Waambie wote nyumbani, tangu leo kabla hakuna aliyeumwa: mbwa akikugusa kwa meno au kwa kucha, njoo useme, hakuna atakayekugombeza.

Wafundishe pia namna ya kukaa na mbwa. Wasimguse anayekula, anayelala, aliyefungwa au mwenye watoto. Mbwa asiyejulikana akiwajia, wasikimbie. Wasimame kimya, mikono chini, macho yatazame ardhini, mpaka aondoke. Akiwaangusha, wajikunje, wafunike masikio na shingo kwa mikono. Penye mabaki ya samaki na takataka ndipo mbwa hukusanyika. Watoto wasitumwe hapo peke yao.

Mwenye mbwa amchanje tangu miezi mitatu, kisha kila mwaka, kupitia daktari wa mifugo. Inafaa? Kisiwani Pemba, kwa majirani zetu wa Zanzibar, mbwa walichanjwa kwa wingi na kichaa kikatoweka kufikia mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, kikaondoka mwaka 2018. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 70 katika kila 100, na hao ni pamoja na wale wanaozurura bila mwenyewe.

Karatasi ya chanjo ya mtoto, baada ya sindano ya mwisho, iweke pamoja na kadi zake nyingine. Akiumwa tena miaka ijayo, ataoshwa vile vile, lakini hatahitaji serumu tena, na sindano zitakuwa mbili tu, siku ya sifuri na ya 3, mradi uweze kuionyesha karatasi hiyo.